Nani Kakutuma?

Kwanza hunijia mlio wa sindano zake, ndipo uso. Tik, tik, tik, taratibu, kama mvua ambayo haijaamua kunyesha. Mpaka leo mlio huo hunipitia sikioni mchana kweupe, nami huinua kichwa kumtafuta. Hakuna mtu. Ni ukungu tu umeingia bila kubisha hodi, ndiyo tabia ya ukungu wa Lushoto.

Alikuwa mfuma masweta. Jina analo, tena zuri, lakini pale sokoni hakuna aliyelitumia, na nikilitumia leo nitaona kama namsema mtu mwingine kabisa. Tulimwita Mfumaji, basi. Mimi ni fundi viatu. Baraza letu lilikuwa moja, la nyumba kuukuu yenye bati lililoliwa na kutu, kwenye mteremko wa kutokea sokoni. Yeye alikaa upande wa mlango, mimi upande wa mfereji, na katikati yetu nguzo ya mti ambayo sote wawili tuliiegemea tukichoka.

Sasa sikiliza alivyofanya biashara, halafu useme kama hakuwa na kichaa kidogo. Mteja anakuja, katoka huko Mlalo au Soni, baridi imemkunja, hela iko mkononi. Anasema, "Shikamoo mama, nataka sweta." Mfumaji anaitika marahaba, mikono haisimami. Haulizi rangi, haulizi kipimo. Anauliza, "Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mama. Nimepita tu nikaona."

"Basi keti kwanza. Hujafika."

Hujafika! Mtu kasimama mbele yake, mvuke unamtoka mdomoni, anaambiwa hajafika. Anapewa kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi, anaketi akishangaa. Mfumaji anaendelea kufuma huku jicho moja liko njiani, anasubiri apite mtu aliyevaa sweta lake. Lushoto si kubwa, hakosekani. "Wewe mama wa karoti! Njoo hapa umwambie mgeni." Mama wa karoti anatua ndoo yake, anageuka huku na huku, anaonyesha viwiko, anasema lile sweta alilivaa akiwa na mimba ya kwanza na huyo mtoto sasa anachunga mbuzi. Wakimaliza kusemezana, Mfumaji anamgeukia mteja wake na kumuuliza upya, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, "Nani kakutuma?" Na mteja, kama ana akili, anajibu, "Mama wa karoti." Hapo ndipo anapimwa mabega.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anajitesa hivyo. Akasema, "Sweta si kabichi. Ukilinunua kwa macho, siku likikuwasha shingoni utasema umeibiwa. Ukiletwa na mtu utavumilia mpaka likuzoee, maana utaona haya kumwambia aliyekuleta kwamba kakosea." Nikacheka. Yeye hakucheka. Mambo ya kazi hakuyafanyia utani.

Bila shaka watu walijifunza uongo. Mtu anakuja mbiombio, kabla hajaulizwa anasema katumwa na fulani. Mfumaji anatikisa kichwa kwa upole, halafu anatupa swali la pili: "Sweta lake rangi gani?" Bwana mmoja alidai katumwa na mzee wa kanisa. Rangi gani? Kijani, mama. "Mzee wa kanisa hana sweta langu," akamwambia. "Huvaa koti la marehemu baba yake, na kila Jumapili namwomba Mungu litatuke tukiwa tumesimama kuimba." Baraza zima tulivunjika mbavu. Yule bwana naye akacheka, akanyweshwa chai yake, akasubiri kama wenzake.

Utanidhania namsema kama mtakatifu. Thubutu! Alikuwa na majivuno yake, tena mengi, ila aliyafuma kwa ndani yasionekane. Kanisani alikaa benchi la mwisho kabisa. Akiulizwa, ni goti, alitaka kunyoosha mguu. Goti wapi! Alitaka kuona migongo. Jumatatu nilimuuliza mahubiri yalihusu nini, na yeye akanijibu kwamba yalihusu mke wa mchungaji, bega la kushoto limelegea, lazima alilete alikaze. Mimi ni Mwislamu, sijui taratibu za benchi la mwisho, lakini hilo nililielewa vizuri sana. Hata mimi Ijumaa, nikifika msikitini, macho yangu hukimbilia viatu mlangoni kabla sijamkumbuka Mungu.

Hakuvumilia kusifiwa usoni, na asiposifiwa alinuna. Ukimwambia, "Mama, hili limetulia," atakwambia nenda zako. Usipomwambia, chai ya siku hiyo itakuwa haina sukari. Na mwezi wa Ramadhani ukiingia, chupa yake ya chai ilikuwa haionekani barazani. Alikwenda kunywa ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, akirudi anajifuta mdomo kama mwizi wa maziwa, na hakuna siku aliyolitaja jambo hilo wala mimi sikulitaja. Nilimpenda kwa hilo. Nasema wazi, nilimpenda kama mama.

Watu walipenda kumwambia ule msemo wa siku zote, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walidhani wanamfurahisha. Aliwakatiza. "Chema hakijiuzi. Chema hukaa kimya kabatini, nondo wakakila, mpaka mtu akiseme." Akasema tena kwa sauti ya chini, akiwa anahesabu vitanzi vya uzi wake, "Kila chema kina mtu wake wa kukisema. Kazi ni kumsubiri huyo mtu."

Alisubiri vizuri kuliko mtu yeyote niliyemjua. Asubuhi za kipupwe, ukungu unapolala sokoni mpaka jua linachelewa, wateja wake walikuwa wanatokeza humo mmoja mmoja, kwanza miguu, halafu kikapu, halafu uso. Unasikia sauti kabla ya mtu: "Ni hapa kwa Mfumaji? Nimetumwa na dada yangu wa Bumbuli." Mimi nilikuwa naona kama wale watu hawatoki kokote, kama ni maneno ya watu wengine yamepata miguu yakaja. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Shona viatu, acha kuota." Lakini alitabasamu, nilimwona.

Mteja aliyempenda kupita wote alitoka Mazinde. Mazinde, kule chini barabarani, ambako hata kuku huhema. Alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye malori ya mboga, mwanamume mnene anayetoka jasho akikaa tu. Akaja kutaka sweta zito la shingo ndefu. Mimi nikaacha nyundo.

"Nani kakutuma?"

"Dereva wangu, mama. Lake ni la kahawia, lina mistari miwili mkononi. Kila tukipanda huku analisema. Tukishuka analisema. Analala nalo kwenye gari. Nimechoka kulisikia la mwenzangu, na mimi nataka langu."

"Utalivaa wapi, baba, na joto la kwenu?"

"Nitalitundika," alisema. "Siku nikija huku nitalivaa."

Mfumaji alimfumia kwa muda mrefu kuliko wote, na mtu yule alipoondoka nalo akaniambia, "Umemwona? Wengine wanaletwa na baridi. Yule kaletwa na maneno matupu." Siku nzima alikuwa kama bibi harusi.

Maneno yayo hayo yalitaka kummaliza siku moja. Unajua nyuzi nyingine hakununua dukani. Alikuwa anachagua masweta mazuri kwenye mitumba, anayafumua uzi kwa uzi, anaosha, anaanika kwenye ua, anafuma upya. Wazee wetu mitumba waliiita kafa Ulaya, kwamba mwenye nguo kafa huko ndiyo maana imetufikia. Mwanamke mmoja aliyeuza masweta ya dukani, upande wa juu wa soko, akalichukua neno hilo akalitia pilipili. Akasema ukivaa sweta la Mfumaji unaota ndoto za marehemu Mzungu. Unajiona unatembea kwenye theluji, unatafuta ufunguo, na nyumba huijui.

Basi ikawa balaa. Watu wa milimani ndoto hatuzichezei. Ukungu ulikuja, ukaondoka, na hakuna miguu iliyotokeza humo. Mama wa karoti mwenyewe alipita njia ya nyuma. Nilimwambia Mfumaji, mama, jitetee basi, simama sokoni useme. Akasema neno lililotoka mdomoni haliwezi kufukuzwa na miguu. Dada mmoja aliyekuwa na moyo alikuja akamuuliza kwa kunong'ona, "Mama, ni kweli nyuzi hizi zimekufa Ulaya?" Akamjibu bila kuinua kichwa, "Zimekufa Ulaya, zimefufukia Lushoto. Unataka mikono mirefu au mifupi?" Yule dada aliondoka mbio.

Halafu akaja mzee mmoja kutoka Bungu, kavaa kofia ya kufuma iliyochoka, fimbo mkononi. Alisimama mbele ya baraza akachungulia masweta yaliyotundikwa kama mtu anayechagua mbuzi. "Nataka lile linaloota," alisema. "Mimi nimezeeka na sijafika hata Tanga."

Mfumaji aliacha kufuma. "Nani kakutuma, mzee wangu?"

"Adui yako."

Alicheka, jamani, alicheka mpaka sindano zikamchomoka na kazi ya asubuhi nzima ikafumuka mapajani. "Na adui naye ni mtu," alisema akifuta machozi. "Keti, mzee. Wewe umefika." Mzee alipata sweta lake, na alirudi baadaye kulalamika kwamba analala fofofo tu, haoni theluji wala nini. Malalamiko yake yakazunguka soko zima kwa kicheko, na watu wakarudi. Sijaona biashara nyingine iliyookolewa na mzee aliyekosa ndoto.

Sasa nifike kwenye kidonda changu.

Mfumaji naye alikuwa anatuma watu. Kwa kuwa kila mteja alikaa pale akinywa chai, walimuuliza mambo yao: mama, nani anajenga vizuri, mama, maharage ya mbegu nipate wapi. Na yeye hakutaja mtu ovyo. "Kumtaja mtu ni kumbeba mgongoni," alisema. "Akijikwaa mnaanguka wote." Ndiyo maana akimtaja mtu, watu walikwenda kama waliotumwa na serikali. "Nenda kwa fulani, mwambie nimekutuma mimi." Maneno hayo tu. Alimtaja mwashi mmoja, leo anajenga Korogwe na hana nafasi ya kukusalimia. Alimtaja mama wa chapati aliyekuwa anakaangia pembeni yetu, ukapita muda kidogo akahamia stendi na kupata wasaidizi. Alimtaja hata mwenye mashine ya kusaga, mtu wa matusi, "Mdomo wake mchafu, unga wake hauna mchanga."

Mimi hakunitaja.

Wateja wake walikaa hatua mbili kutoka kwangu, soli zimeachama kama mamba, na yeye anawatazama hizo soli na ananyamaza. Nilikohoa. Niligonga nyundo bila cha kugonga. Wapi! Na viatu vyake mwenyewe alivileta kwangu, na vya wajukuu. Nikivimaliza alivipokea, akaupima mshono kwa kidole gumba, akavuta, akageuza, akasema, "Haya." Neno moja. Ungeweza kulichemsha hilo neno siku nzima na usipate mchuzi.

Wakati huo yeboyebo za plastiki zilikwisha kuingia kila nyumba, mtu hashoni tena, anatupa. Nyumbani hali ilikuwa inabana. Mke wangu alisema, "Huyo mama ana kijicho nawe." Nikamwambia kijicho cha nini, yeye anafuma, mimi nashona, lakini moyoni nilianza kuamini. Au kazi yangu mbaya? Nikawa nashona mara mbili mahali pa mara moja, nafumua nilichokwisha kumaliza, nakiangalia kiatu cha mtu mpaka kinanichukia. Siku moja sikuweza tena.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mbona watu wote unawataja, mimi hunitaji?"

Alitazama njiani. Hakuwa na haraka. "Bado," alisema.

"Bado nini?"

"Bado, mgosi. Shona." Mgosi, ndivyo Wasambaa tunavyomwita mwanamume.

Iliniuma. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilijisikia kulia kwa ajili ya neno la mwanamke mwenye uzi mapajani. Kesho yake nilimwamkia kama kawaida, shikamoo mama, akaitika kama kawaida, na tukaendelea kuegemea ile nguzo, kila mtu upande wake.

Aliondoka majira ya matunda ya plamu, soko lote likiwa jekundu. Goti, safari hii la kweli, na kichwa kilianza kumwacha; alikuwa anafuma mikono mitatu kwenye sweta moja, halafu anashangaa. Binti yake alikuja akamchukua kwenda kukaa naye Bumbuli. Baraza likawa kubwa mno. Nikavumilia masika yale, na kipupwe kilichofuata nikachoka. Shemeji yangu alikuwa Tanga, ana bajaji, anatafuta mtu wa kumwamini. Nikamwambia mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwezi naondoka, nikafunga sindano na kalibu zangu za viatu kwenye gunia. Lakini mtu haondoki bila kumuaga mzazi. Nikapanda gari la Bumbuli.

Kulikuwa na manyunyu. Nilishukia mbali na nyumba nikatembea katikati ya mashamba ya chai, njia ya tope, ukungu umekaa juu ya majani umetulia tuli. Binti alinipokea mlangoni. "Anaweza asikukumbuke, kaka," alisema. "Usiumie."

Alikuwa ameketi dirishani, shuka magotini, vidole vinacheza vyenyewe bila uzi. Nikamwamkia. "Marahaba, baba," aliitika, kwa adabu anayopewa mgeni. Hapo nikajua. Niliketi kwenye kiti cha mbele yake. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati. Kisha akatazama chini, miguuni pangu. Mganga hajigangi: kiatu changu cha kulia kilikuwa kimeachia mbele na soksi imelowa tope.

"Umetembea na hiki kutoka wapi?"

"Lushoto, mama."

"Lushoto," alisema, na uso wake ukafunguka. "Na umeshindwa kushona kiatu, na fundi yuko Lushoto kule kule?"

"Yuko wapi huyo?"

"Pale mteremko wa kutokea sokoni, kuna baraza. Akikushonea yule, kiatu kitachakaa chote, mshono utabaki." Aliinama kidogo, sauti ikashuka, kama mtu anayetaka kusema jambo la nyumbani. "Huyo sikuwahi kumtaja kwa mtu. Wote niliowataja waliondoka. Walipata watu, wakaenda zao mjini, stendi, sijui wapi. Yeye nilimficha. Nilisema huyu nikimtaja, nani ataniamkia asubuhi?"

Niliuvuta mguu wangu wa kulia chini ya kiti.

"Ilikuwa vibaya," alisema. "Ana watoto yule. Lakini nilikuwa nampenda, basi." Akanipigapiga goti, goti la mgeni. "Wewe nenda. Mimi siko tena pale, sasa naweza kumtaja. Mwambie nimekutuma mimi."

Machozi yalinitoka, na yeye hakuyashangaa. Labda alidhani ni mvua niliyoingia nayo. Alikunja uso, kama aliyeingiwa na wasiwasi mpya.

"Ila sijui kama bado yupo," alisema. "Siku hizi watu wanahama."

"Yupo, mama," nikamwambia. "Hajaenda popote."